Kutoka Kususia hadi Kununua: Zabibu Kavu za Mto Orange na Mkulima Mdogo

Tarehe 26 Juni, 1959, watu walikusanyika katika Ukumbi wa Holborn mjini London kuzindua harakati za kususia bidhaa za Afrika ya Kusini. Miongoni mwa wasemaji alikuwapo Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo Rais wa TANU, na nchi yetu ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Alikuwapo pia Padre Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alikuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi. Jambo lililoombwa siku ile lilikuwa dogo sana kwa kulitazama: mama wa Kiingereza aendapo dukani, aliache tunda la Kaburu pale pale kwenye rafu.

Katikati ya miaka ya 1990 nyumba zile zile za Uingereza, na mara nyingi watu wale wale, ziliombwa jambo lililoonekana kuwa kinyume chake. Ziliombwa zinunue zabibu kavu za Afrika ya Kusini, tena kwa bei ya juu kidogo, kwa sababu zabibu hizo zililimwa na wakulima wadogo wa visiwa vya Eksteenskuil katika Mto Orange.

Makala haya yanauliza swali moja. Kati ya kususia na kununua, ni nini kilichobadilika katika uhusiano wa uzalishaji, na ni nini kilichobaki pale pale? Swali hili si la Afrika ya Kusini peke yake. Biashara iitwayo ya haki inahubiriwa leo kila mahali penye kahawa, kakao, chai na matunda makavu, na kada anayefanya kazi na vyama vya ushirika hana budi kuielewa kwa historia yake, si kwa picha ya mkulima anayetabasamu kwenye pakiti.

NANI ALICHIMBA MFEREJI

Mto Orange hupita katika nchi kame. Ukienda kilomita chache tu kutoka ukingoni, unakutana na mawe na mchanga. Kwa hiyo katika sehemu za Upington, Keimoes na Kakamas ardhi bila maji haina thamani kwa mkulima, na historia ya zabibu ni historia ya mfereji.

Mfereji wa kwanza wa kumwagilia pale Upington haukuanzishwa na mzungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mtu aitwaye Abraham September, mtoto wa mtumwa, mmoja wa watu walioitwa Wabaster, aliyatoa maji mtoni na kuyaelekeza shambani mwake. Mmisionari Christiaan Schröder aliona kazi ile, na mfereji mkubwa ukafuata. Vitabu vya shule vya makaburu vilimsifu mmisionari, na jina la September likawa la kutajwa pembeni. Abraham September alikufa mwaka 1898. Baada ya mkewe Elizabeth naye kufariki, ardhi ya familia iliangukia mikononi mwa wazungu, na wajukuu walikuwa wangali wakiidai katika miaka ya 1990. Hawakuwa peke yao. Wabaster wengi waliopata mashamba katika eneo lile la Gordonia waliyapoteza katika muda wa kizazi kimoja au viwili, mengi kwa njia ya madeni na hati walizotiliwa sahihi. Hapo hapakuhitajika bunduki. Daftari la muuza duka lilitosha.

Mwaka ule ule wa 1898 Kanisa la Kidachi la Reformed lilianzisha koloni la kazi huko Kakamas kwa ajili ya wazungu maskini, ambao ukame na sotoka vilikuwa vimewamalizia mifugo. Wazungu hao walichimba mifereji kwa mikono yao wenyewe, na haifai kuwanyima sifa ya jasho lao. Lakini tuangalie tofauti. Mzungu maskini alipofilisika, kanisa na serikali vilimtafutia maji, kiwanja na mkopo. Benki ya Ardhi iliundwa mwaka 1912 ikawakopesha wazungu. Sheria ya Ardhi ya 1913 ikawafungia Waafrika katika sehemu ya nchi isiyofika hata asilimia 10. Sheria ya Masoko ya 1937 ikaleta bodi za mazao zilizoendeshwa na wakulima wa kizungu, zenye uwezo wa kupanga nani auze nini, wapi na kwa bei gani. Sheria ya Maji ya 1956 ikaendelea kuifunga haki ya maji kwenye umiliki wa ardhi ya ukingoni, hata asiye na hati ya ardhi akawa hana cha kudai mtoni pia.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba mkulima wa kizungu wa Afrika ya Kusini alifanikiwa kwa sababu ya ubepari huria. Huo ni uongo mtupu. Alifanikiwa kwa sababu ya dola iliyompangia soko, iliyomkopesha fedha, iliyomjengea mabwawa na iliyomtafutia vibarua wasio na pa kwenda. Bwawa kubwa la Mto Orange, lililofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la Hendrik Verwoerd, ambalo tangu 1996 linaitwa Gariep, lilijengwa kwa fedha za umma. Hata ushirika ulikuwapo, tena wenye nguvu. Chama cha ushirika cha matunda makavu kijulikanacho kama SAD kilijengwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kikawa na viwanda vya kusafishia, kupangia madaraja na kufungashia. Ushirika peke yake, basi, hauonyeshi tabaka gani linanufaika. Lazima kwanza tuulize ni ushirika wa nani.

Watu ambao utawala ule uliwaandika kuwa Machotara walibaki na sehemu ambazo wengine hawakuzitaka, na visiwa vya Eksteenskuil, kati ya Keimoes na Kakamas, ni mojawapo. Mto hapo hugawanyika katika vijito vingi, na katikati hubaki vipande vya udongo mzuri wa mafuriko. Udongo ni mzuri kweli, ila mto ndio uliouleta na mto ndio unaoweza kuuchukua. Mafuriko makubwa ya 1974 na ya 1988 yalipita katika bonde lile, na yale ya Januari 2011 vivyo hivyo. Mkulima wa kisiwani mwenye hekta chache za mizabibu huweza kulala tajiri wa majani mabichi na kuamka hana shamba.

SILAHA YA KUTONUNUA

Turudi kwenye mwaka 1959. Huko Afrika ya Kusini kwenyewe watu walisusia viazi. Ilikuwa imefichuliwa, kwa kazi ya watu kama Gert Sibande na mwandishi Ruth First, kwamba katika mashamba ya viazi ya Bethal wafungwa na watu waliokamatwa kwa makosa ya pasi walifanyishwa kazi kwa kipigo, wakivaa magunia. ANC ikawaambia watu wasile viazi, na viazi vikarundikana sokoni. Mtu asiyekuwa na kura alikuwa na tumbo, na tumbo lake lilikuwa linahesabiwa katika faida ya bwana shamba.

Mwishoni mwa mwaka huo Chifu Albert Luthuli, pamoja na viongozi wa Wahindi na wa chama cha Liberal, waliuomba ulimwengu ususie bidhaa za nchi yao. Wakosoaji walikuwa tayari na jibu, na jibu hilo bado tunalisikia leo kila panapotajwa vikwazo: kwamba atakayeumia kwanza ni kibarua mweusi. Luthuli hakukana kwamba wataumia. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaumia tayari, na kwamba maumivu haya yangefupisha siku za yale mengine. Machi 21, 1960, polisi waliwaua watu 69 kule Sharpeville, na harakati za kususia zikageuka kuwa Anti-Apartheid Movement.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya kuchosha ya miaka zaidi ya thelathini. Uholanzi, katika miaka ya 1970, kampeni dhidi ya machungwa ya Outspan ilitoa bango la kichwa cha mtoto mweusi kikikamuliwa kama chungwa, na maduka makubwa yakaona ni heri kuyaondoa machungwa hayo. Dublin, Julai 1984, msichana wa dukani aitwaye Mary Manning alikataa kumpigia mteja bei ya matunda ya Afrika ya Kusini, kwa kufuata azimio la chama chake cha wafanyakazi. Alisimamishwa kazi, wenzake wakatoka pamoja naye, na mgomo wao ukaendelea hadi 1987 serikali ya Ireland ilipopiga marufuku matunda na mboga za Makaburu. Wale hawakuwa wanazuoni wa ubeberu. Kwa maneno yao wenyewe baadaye, wengi wao hawakujua mengi kuhusu Afrika ya Kusini siku ya kwanza. Walijifunza wakiwa kwenye mstari wa mgomo, wakinyeshewa mvua.

Jambo la kulishika hapa ni kwamba kususia kulikuwa na uongozi wa kisiasa. Wito ulitoka kwa wanaoonewa wenyewe, kupitia vyombo vyao, na lengo lake lilikuwa kuondoa utawala. Mnunuzi wa London hakuambiwa awe mwema. Aliambiwa achague upande. Na wito uliposimamishwa, ulisimamishwa na wenyewe pia: Septemba 24, 1993, Nelson Mandela aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba wakati wa kuondoa vikwazo vya uchumi umefika.

MKONDO WA PILI

Mwaka ule ule wa 1959 mkondo mwingine ulianza mahali pengine bila kelele. Katika mji wa Kerkrade, Uholanzi, vijana Wakatoliki walianzisha shirika la S.O.S., ambalo baadaye liliuza bidhaa za nchi maskini kwa njia ya makanisa na vikundi. Marekani, tangu 1946, Edna Ruth Byler wa kanisa la Mennonite alikuwa akiuza vitambaa vya kina mama wa Puerto Rico. Mwanzo wake, basi, ulikuwa sadaka. Siasa iliingia baadaye, nchi zetu ziliposimama katika mikutano ya UNCTAD, Geneva 1964 na New Delhi 1968, kudai biashara badala ya misaada. Matajiri waliposhindwa kujibu, vijana wa Ulaya wakaanza kuuza sukari ya miwa kwa kampeni, na mwaka 1969 duka la kwanza la dunia ya tatu likafunguliwa Breukelen.

Uingereza, shirika la Kikristo la Traidcraft lilianzishwa 1979 huko kaskazini mashariki. Uholanzi, Novemba 1988, ikazaliwa alama ya Max Havelaar kwa kahawa ya wakulima wa Mexico. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kwa kina, kwani alama iliweza kubandikwa kwenye pakiti ya kampuni yoyote. Duka la wakereketwa halikuwa la lazima tena. Mauzo yalikua mno. Lakini kilichokuwa harakati kikawa pia bidhaa.

Mikondo hii miwili ndiyo iliyokutana Eksteenskuil. Traidcraft, ambayo wateja wake wengi walikuwa wamesusia matunda ya Makaburu, ilitafuta njia ya kununua kutoka Afrika ya Kusini mpya bila kumtajirisha bwana yule yule. Ikawapata wakulima wa visiwani, waliokuwa na chama chao, na zabibu zao zikaanza kuingia katika keki na vitafunio vya Uingereza. Miaka ya mwanzo ya 2000 wakapata cheti cha biashara ya haki.

Yafaa kueleza kazi yenyewe, maana makada wengi tunaijua zabibu ya Dodoma inayokwenda kwenye mvinyo, au inayouzwa barabarani ikiwa mbichi. Kule Orange aina inayotawala ni ile isiyo na kokwa, iitwayo sultana. Huchumwa kuanzia Januari hadi Machi. Kuna njia ya kuzianika kama zilivyo, zikae juani wiki mbili tatu na kugeuka kahawia nzito. Kuna njia ya kuzichovya kwanza katika maji ya moto yenye magadi makali ili ngozi ipasuke nyufa ndogo, na hizo hukauka upesi zaidi. Nyingine hufukizwa kwa kibiriti zibaki na rangi ya dhahabu. Kuanika hufanyika kwenye sakafu za saruji, na mvua ya siku mbili mwezi Februari yaweza kuozesha mapato ya mwaka. Zabibu mbichi kilo nne au zaidi kidogo hutoa kilo moja kavu. (Wenzetu wa Dodoma, ambao huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba hukuta kiangazi kikavu, wangefaa kulitafakari jambo hili siku kiwanda cha mvinyo kinapokataa zabibu zao.)

Faida ya kukausha ni kubwa. Zabibu mbichi humlazimisha mkulima auze leo, kwa bei yoyote. Zabibu kavu hungoja. Mkulima anayeweza kungoja ana sauti.

Biashara ya haki iliongeza mambo mawili. La kwanza ni bei ya chini isiyoshuka hata soko la dunia likianguka, na soko la zabibu huanguka kwa sababu ambazo mkulima wa kisiwani hazioni, kama vile mavuno makubwa ya Uturuki au California. La pili ni malipo ya nyongeza, ambayo hayaendi mfukoni mwa mtu mmoja bali kwenye chama, na wanachama huamua kwa kura yatumikeje. Wakulima wa Eksteenskuil waliyatumia kwa mambo kama zana za kilimo za kutumiwa kwa zamu. Mwenye hekta tano hawezi kununua trekta, lakini chama kinaweza. Tusidharau hilo. Kikao ambacho mkulima anapiga kura juu ya fedha inayoonekana ni shule ya siasa kuliko semina nyingi tulizohudhuria.

KIWANDA NI CHA NANI

Sasa tufuate zabibu inapotoka kwenye sakafu ya saruji. Inapelekwa kuoshwa, kuondolewa vikonyo, kupangwa madaraja na kufungashwa. Nani alikuwa na kiwanda? SAD, kule Upington. Zabibu ya haki ya mkulima wa kisiwani ilipita katika mashine zile zile zilizojengwa na ushirika wa wazungu katika miaka ya bodi na upendeleo. Bei ya haki ilihesabiwa kwa mkulima, lakini thamani iliyoongezwa na kiwanda, jina, usafirishaji na mkopo wa msimu, ilibaki kwa mwenye kiwanda.

Serikali mpya ilifanya nini? Sheria ya Masoko ya 1996 ilivunja bodi. Watu walishangilia, kwa kuwa bodi zilikuwa za Makaburu. Lakini chombo kile kilikuwa kimewalea wakulima wa kizungu kwa miaka hamsini hadi wakawa na nguvu, na kilivunjwa siku ile ile mkulima mweusi alipofika mlangoni. Ngazi iliondolewa baada ya mmoja kupanda. SAD nayo iliacha kuwa ushirika ikawa kampuni, ikaingia chini ya Pioneer Foods. Na mwaka 2020 Pioneer Foods ikanunuliwa na PepsiCo ya Marekani. Sheria ya Maji ya 1998 ilikuwa hatua ya kweli, kwani iliyafanya maji kuwa mali ya umma chini ya ulinzi wa dola. Ila madai ya kurudishiwa ardhi yaliwekewa mpaka wa tarehe 19 Juni, 1913, na mengi ya Gordonia yalikuwa yameanza kunyang'anywa kabla ya hapo.

Alama ya biashara ya haki nayo haikubaki ya mkulima mdogo peke yake. Katika miaka ya 2000 mashamba makubwa ya mvinyo na matunda ya Afrika ya Kusini, mengi yakiwa ya wazungu, yalipata cheti hicho kwa jina la vibarua wao. Vibarua wengine walipata nyumba bora na shule za watoto, na hilo ni jema. Lakini mteja wa Ulaya aliyeiona alama ile hakuweza kujua kama analipia kisiwa cha mkulima mwenye hekta chache au shamba la mtu ambaye baba yake alipewa maji na dola ya Verwoerd. Ugomvi huu haukuwa wa Afrika ya Kusini tu. Mwaka 2011 shirika la Marekani lilijitoa katika umoja wa dunia wa biashara ya haki, likitaka hata mashamba makubwa ya kahawa yaruhusiwe, na vyama vya wakulima wa Amerika ya Kusini vilipinga vikali.

Wapo watakaosema tunadai mno kutoka kwa pakiti ya zabibu. Pengine. Lakini si sisi tuliosema pakiti italeta haki. Walioiuza ndio waliosema. Kosa la makada wengi limekuwa la aina mbili: ama kuitupa biashara hii yote kwa kuiita sadaka ya mabeberu, ama kuipokea kama mkombozi na kuacha kazi ya kujenga ghala, kiwanda na benki ya ushirika. Mkulima wa Eksteenskuil hakufanya kosa lolote kati ya hayo. Alichukua bei nzuri ilipokuja, akanunua zana, akaendelea kudai hati ya ardhi yake. Ni sisi tunaomwandika ndio tunaomgeuza shujaa wa soko au mhanga wake.

Traidcraft yenyewe ilidhoofika kadiri maduka makubwa yalivyobandika alama kwenye bidhaa zao kwa bei ya chini. Kampuni iliyofungua njia haikuwa na mtaji wa kushindana na wale walioifuata. Januari 2023, baada ya miaka 43, iliwekwa chini ya mfilisi.

Mwisho wa Januari, kando ya Mto Orange, mikasi huwa tayari iko shambani. Kwa wiki chache zinazofuata kila familia ya visiwani huwa juani kuanzia alfajiri, watoto wakifukuza ndege, wazee wakitazama mawingu ya upande wa mashariki, kule mto unakotokea. Zabibu zikishakauka huweza kungoja miezi mingi bila kuharibika, iwapo aliyezikausha ana ghala la kuziweka.